Baridi Iliyomfuata Mama Mkwe

Trevor wa ofisi ya nyumba alishuka kutoka juu ya paa na bonge la chumvi mkononi, kubwa kama mkate. Alikuwa amelibandua ndani ya kiyoyozi cha maji.

"Hiki kimekufa, dada," alimwambia Kirsty. "Maji ya huku jangwani yana chumvi mno. Tutawaletea cha umeme, kile cha ukutani. Nyumba moja, chumba kimoja. Chagua chumba."

Kirsty alikuwa amempakata Tia, mwanawe mchanga. Upele wa joto ulikuwa umemjaa shingoni, na ikifika adhuhuri alikataa ziwa.

"Cha maji kilikuwa kinapuliza nyumba nzima," alisema Kirsty. "Mama yangu na mume wangu hawawezi kukaa chumba kimoja."

"Si uwapatanishe."

"Hawajagombana. Wanaheshimiana."

Trevor akatazama saa yake. Kirsty akachagua chumba cha katikati, anamolala mtoto.

Kwa Wawarlpiri, wenyeji wa jangwa hili la Australia, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani, na mmoja akiingia, mwingine hutoka. Hilo Kirsty alilikuta, na Tia atalikuta.

Siku mashine mpya ilipofungwa ukutani, Myrtle, mama yake Kirsty, alikaa chumbani na mjukuu wake, madirisha yamefungwa. Tia akanyonya mpaka akasinzia. Jioni Lyle, mume wa Kirsty, alirudi kutoka kazi ya barabara, akakohoa langoni kama ilivyo desturi. Myrtle akajitanda shuka kichwani, akatokea mlango wa nyuma. Baridi ikainuka, ikamfuata.

Lyle aliingia akakuta chumba kinachemka. Mashine ilikuwa ikinguruma na kupuliza hewa ya moto. Kwenye baraza la nyuma, chini ya mabati, Myrtle alikuwa amekaa juu ya godoro, na mbwa wamejikunyata miguuni pake wakitetemeka.

"Mwambie mama yako aniachie kidogo," Lyle alimwambia mkewe.

Myrtle alisikia kupitia ukutani. "Mwambie mumeo nimemwachia chumba kizima. Kama anataka na mbwa, aseme."

Kesho yake Lyle alikaa chini ya mti mbele ya nyumba ili mama mkwe apumzike ndani. Baridi ikamfuata yeye. Myrtle akalowa jasho kitandani, na Tia akakataa ziwa tena. Ikawa wazi kwamba baridi humfuata anayempisha mwenzake, na anayebaki ndani huungua.

Basi wote wakatoka. Myrtle akahamia nyuma, Lyle mbele, na Kirsty akawa anazunguka nyumba na mtoto, mara kwa bibi, mara kwa baba. Mashine iliendelea kula umeme katika chumba kitupu. Majirani ambao hawajaletewa chochote wakaja na watoto wao, wakakaa mbele au nyuma, kila mtu kwa kadiri ya anayeruhusiwa kukaa naye.

Kirsty akapiga simu kuomba mashine ya pili. Trevor alikuja na kipimajoto. Chumbani kulikuwa na joto zaidi kuliko barabarani. Alipofika barazani akafunga vifungo vya shati.

"Mbona hapa pazuri tu."

"Mtoto analala vumbini," alisema Kirsty. "Na mama yangu kifua kinambana. Nataka kila mmoja awe na chumba chake."

"Ninachokiona mimi, dada, mashine mnayo na hamuitumii."

Akageuka, akazungumza kwenye simu yake. Nyumba hii haihitaji kiyoyozi cha pili, alisema. Hawa wanapenda kukaa nje. Na hawa majirani nao wasubiri, maana wanapata baridi hapa hapa.

Alasiri upepo ukaleta vumbi jekundu. Kirsty akamvalisha Tia sweta, akamfunika uso kwa kitambaa chepesi asimeze vumbi, akampeleka kwa bibi yake, aliyekuwa akikohoa taratibu ndani ya shuka. Mtoto akanyonya vizuri. Ndani, mashine ilikuwa inakipulizia moto kitanda chake kitupu.

Kesho Kirsty atapiga simu tena.