Gauni la Siku ya Tatu

Fundi cherehani akikwambia "kesho", usimuulize kesho ya mwezi gani. Ndiyo sifa yetu, na mimi nilikuwa nayo kuliko wenzangu wote. Wateja walinitania kwamba sare zangu za shule humkuta mtoto keshamaliza masomo. Nilicheka nao. Sasa sicheki.

Wifi yangu, mke wa kaka, alijifungua salama mtoto wa kike Jumatatu. Kaka ni mwashi na alikuwa kazini mbali, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kumchukua wodini kesho yake. Nesi mwenye miwani alitueleza vizuri kabisa: "Alhamisi mrudi, mama na mtoto, wote wawili. Hata kama hakuna anayeumwa." Tukaitikia.

Mlangoni tulipishana na mama mmoja aliyembeba kichanga chake ndani ya kipande cha pazia la maua, pete ya kuning'inizia bado imo. Ulimi hauna mfupa. Nikamnong'oneza wifi, "Huyu kaja kupima mtoto au kutundika pazia?" Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamtazama mwanawe aliyefungwa kwenye khanga iliyopauka.

"Wifi," aliniambia tulipofika nyumbani, "Alhamisi mtoto atavaa nini?"

"Gauni. Flana ya manjano, na kofia yake. Shangazi mtu ni fundi, mtoto aende na matambara?"

"Kweli?"

"Kesho unalo."

Jumatano asubuhi nililikata, vipande vitano, nikavikunja kando. Halafu mkuu wa kwaya akaja kunikalia kooni: sare ishirini na nne, Jumapili wanaimba. Alhamisi nilipita kwa wifi mbio mbio. Nilimkuta amejifunika blanketi, na nje jua linachoma.

"Mbona unatetemeka?"

"Uchovu tu wa uzazi. Gauni tayari?"

"Kesho. Lakini si uende hivyo hivyo, wifi?"

"Na khanga hii? Pale kila mtu anajua shangazi yake ni fundi. Watatucheka kama tulivyomcheka yule."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwinua kitandani nimpeleke mwenyewe, hata mtoto akiwa ndani ya pazia ikibidi. Lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye kola za kwaya. Nikamwambia kesho bila kukosa, nikaondoka.

Ijumaa ikaishia kwenye sare. Jumamosi kaka alirudi, akamkuta mkewe anaweweseka, mwili moto, mtoto analia pembeni. Akamkimbiza hospitali. Daktari alisema uchafu ulikuwa umebaki kwenye kizazi na sumu imeshaingia kwenye damu. Angeonwa mapema, alisema, huenda dawa zingetosha. Jumapili, wakati kwaya imesimama ndani ya sare zangu, wifi alikata roho.

Gauni nililishona baada ya mazishi. Lilinichukua saa moja. Saa moja tu, jamani! Nililia juu ya cherehani mpaka sindano nikawa siioni. Kaka alidhani namlilia marehemu, akanibembeleza, nami sikuthubutu kumwambia ninacholilia hasa.

Alhamisi iliyofuata nilimpeleka mtoto kliniki. Gauni la manjano, kofia, soksi. Alikuwepo nesi yule yule, akafungua kadi.

"Siku ya tatu hamkuja. Mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia. Alivua miwani akaishika mkononi.

"Pole sana. Kilichomzuia ni nini? Nauli? Mume alikataa?"

"Alikuwa anangoja nguo ya mtoto. Nguo yenyewe nilikuwa nayo mimi."

"Nguo?" Alinitazama kama hakunisikia. "Dada yangu, hapa mtoto tunamvua zote kabla hatujampima."

Hakusema kwa ukali. Alinionyesha meza tu.

Nikafungua vifungo, vyote vitatu, nikavuta mkono mmoja, kisha wa pili. Mtoto akalia kwa baridi. Nesi akampokea, akamlaza kwenye mizani. Kando ya meza kulikuwa na kiti ambacho akina mama waliotangulia walitupia vitu vyao: taulo, khanga kuukuu, shati la mwanamume lililokatwa mikono. Hakuna aliyevitazama. Nikaliweka gauni langu juu ya rundo hilo.