Maji ya Karani Mirumbe

Mwalimu Zilpah alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi, akagundua kwamba yote aliyoyasoma kwa wiki tatu yalikuwa ndoto ya jiwe, aliufunga mswada, akatoka nje, akaenda kupalilia mtama wake. Kabla hasira haijamtoka alikuwa ameng'oa miche mitatu pamoja na magugu.

"Jiwe!" aliuambia mtama. "Mwanamume mzima anakaa chini kuandika, halafu anayeota ni jiwe!"

Mwaka huo wa 1965 alikuwa akiwafundisha akina mama kusoma, mchana baada ya soko la samaki kufungwa, katika kanisa dogo karibu na gati la Homa Bay. Kamati ya kanisa ilitaka kuchapisha kitabu kimoja cha kuwasomesha watu wazima. Mzee Zadock, mwenyekiti wake, ndiye aliyemletea furushi lile la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Wewe ndiye mwenye Kiswahili, mwalimu," alisema. "Soma, kisha utuandikie kama kinafaa."

Aliyekiandika aliitwa Nicodemus Mirumbe, karani wa chama cha ushirika huko Kegonga, kwa Wakuria. Hadithi ilimhusu msichana aliyeitwa Neno. Alisafiri na mbuzi mwenye macho manne, akipita katika miji saba akitafuta mlango wa mfalme mwenye vivuli vitatu. Hayo Zilpah angeyavumilia. Lakini kila mji ulikuwa na mji mwingine ndani yake, na kila mtu alibadilisha jina alipovuka mto. Tena chini ya kila ukurasa karani alikuwa ameweka maelezo. "Mbuzi hapa ni Subira," aliandika. Kurasa thelathini mbele akaandika tena: "Mbuzi hapa si Subira tena."

Zilpah aliandika ripoti ya mstari mmoja: Hakifai, mwandishi anamficha msomaji kitu ambacho hata yeye hajui amekiweka wapi.

Mzee Zadock aliisoma akiwa amesimama, akairudisha. "Mtu ameandika miaka sita, mwalimu. Tukimkataa, tumkatae kwa sababu. Kurasa mbili walau."

Ndipo Zilpah alipoamua kutafuta ushahidi. Angewasomea wanafunzi wake sura ya kwanza, washindwe kuielewa, na maneno yao yawe sababu. Wakakaa wanawake kumi na mmoja kwenye mabenchi, wengine bado wananuka samaki. Akasoma, akifafanua kwa Kijaluo palipokuwa pagumu. Yale maelezo ya chini aliyaruka, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na moyo wake mfupi zaidi. Alipomaliza akasubiri malalamiko.

"Na mbuzi alivuka?" aliuliza Bathsheba, mama wa makamo aliyeuza omena, dagaa wa ziwani.

"Hilo baadaye. Kwanza niambieni, mmeelewa?"

"Kuna nini cha kuelewa? Msichana anatafuta mlango. Mbuzi anaona mbele na nyuma. Soma, mwalimu."

"Lakini kwa nini mfalme ana vivuli vitatu? Haiwasumbui?"

"Ni mfalme," alisema Bathsheba, na wenzake wakaitikia kana kwamba swali lilikuwa la kitoto. "Yawa, jamani mwalimu, soma!"

Akasoma siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Alikereka hasa. Yeye aliyesoma chuo cha ualimu alikuwa amepotea katika mji wa pili, na wanawake wasioweza kuandika majina yao walitembea humo kama wanaokwenda kisimani.

Wakati huo huo karani alikuwa amepata habari kwamba kitabu chake kimekwama. Alituma barua tatu, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, akieleza maana ya vivuli, kisha maana ya maelezo aliyoyatoa kuhusu vivuli. Zilpah alimjibu kwa hasira: kama una la kusema, njoo ulisemee darasani.

Akaja. Alishuka basi la Migori akiwa na tai na koti lililojaa vumbi, mwembamba, mwenye haya, na Zilpah akaudhika zaidi kwa kuwa alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mnene. Wanawake walimkaribisha vizuri. Zilpah akasoma mahali walipokuwa wamefika, ambapo maji yanapanda katika mji wa nne yakinguruma kama simba na kuzimeza nyumba.

Hakumaliza. Karani aliinuka. "Niruhusuni, mama zangu. Maji haya si maji. Maji haya ni Wakati. Na ndani ya Wakati imo Hofu, na ndani ya Hofu—"

"Karani," alisema Bathsheba, "umewahi kuona maji yakiingia nyumbani?"

"La, mama. Kwetu ni mlimani."

"Basi kaa kidogo."

Karani akakaa. Bathsheba hakuinuka; alizungumza akiitazama mikono yake.

"Mwaka wa sitini na mbili ziwa lilipopanda, nyumba yangu ilikuwa pale chini. Hayakunguruma. Asubuhi moja nilikuta sakafu imelowa, nikadhani mtoto amekojoa. Nikamchapa. Kesho yake sakafu imelowa tena, nikamchapa tena. Siku ya tatu nikakuta vidagaa wanaogelea chini ya ghala langu. Tulihama na kitanda na kuku wawili. Huyo mtoto sasa amekua, na mpaka leo sijamwambia pole." Akamtazama karani. "Maji yako yanapiga kelele mno."

Zilpah aliona haya, na katikati ya haya hizo akaona wivu pia, kwa sababu kosa la kitabu lililomtesa wiki nyingi mama huyu alikuwa amelionyesha kwa pumzi moja.

Karani alitoa kalamu. "Mama, yalikuwa na harufu gani?"

"Ya matope na majani yaliyooza. Andika."

Jioni Zilpah alimsindikiza hadi stendi.

"Nimeelewa, mwalimu," alisema karani. "Lile jiwe nitaliondoa."

"Mungu asifiwe!"

"Ataota kamongo. Si samaki yule hulala ndani ya tope kiangazi chote? Sasa fikiria, tope lile nalo—"

"Bwana Mirumbe," alisema Zilpah, "panda basi."

Ripoti yake ya pili ilikuwa na kurasa mbili kamili. Alisema kitabu kinasikilizwa na watu, na kwamba nusu yake ingefaa kutupwa, ila hakuwa na hakika tena ni nusu ipi. Kamati ikakaa, ikakohoa, ikachapisha kijitabu cha kufuga kuku. "Kuku ana maana moja," Mzee Zadock alimweleza, na siku hiyo Zilpah alitamani kumbishia, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Karani hakukata tamaa. Machi iliyofuata furushi jipya lilifika kwa mkono wa dereva wa basi, kurasa mia nne na sitini, na wanawake hawakumpa mwalimu nafasi hata ya kulipitia kwanza. Akawasomea. Mji wa nne ulipofika, mwanamke mmoja aliamka akakuta sakafu imelowa, akamwita mwanawe, akashika fimbo. Ukurasa ule haukuwa na maelezo yoyote chini.

Zilpah alisita, akamtazama Bathsheba.

"Soma tena hapo," alisema Bathsheba.

Akasoma tena, polepole, mpaka mwisho wa ukurasa. Bathsheba alifuta uso kwa ncha ya leso, kisha akasema kwamba leo akifika nyumbani ana neno na mwanawe.

Zilpah akafungua ukurasa uliofuata. Kivuli cha tatu cha mfalme kilianza kusema kwa mashairi, beti kumi na saba, na kila ubeti ulikuwa na tanbihi. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akaendelea.