Springi za Starlet

Tsongo alipeleka Starlet yake kwa fundi Jonan, Kasese, akamwomba akate springi za nyuma ili gari lishuke, kwani springi fupi za dukani zilimshinda bei.

"Umerudi ujanani, mzee?" Jonan alimtania. "Ishuke kiasi gani?"

Tsongo alipima vidole vinne juu ya tairi. "Hapa. Ndipo ilipokuwa ikifika, mke wangu na watoto wakiwa wameketi nyuma."

Ilikuwa miezi minane tangu mkewe Kavira avuke mpaka pale Bwera na watoto watatu, kwenda Butembo, Kongo, kumuuguza mama yake. Tangu hapo gari lilibinuka nyuma kama bata anayekunywa maji.

Jonan alishika msumeno, akasita. "Springi ikikatwa hairefuki tena. Siku wakirudi wakapanda wote, bodi italalia matairi. Au hawarudi?"

"Ziache," Tsongo alisema.

Alinunua magunia mawili ya chumvi kutoka Kabatoro, akayapanga kwenye kiti cha nyuma. Gari likashuka hadi vidole vinne. Akashika barabara ya Bwera, na kila penye tuta alipunguza mwendo, kama alivyofanya zamani watoto wakiwa wamelala.