Utando wa Bi Harusi

Mama Fagio hakupewa jina hilo kwa hisani. Kwenye nyumba ya wageni alikokuwa msimamizi wa usafi, wahudumu walisema huliona vumbi kabla halijatua. Sasa mtu wa namna hiyo, nani alimwoza kwa mume anayefuga buibui?

Tena si buibui wa kupigwa kandambili yakaisha. Alikuwa tarantula, mpana kama kiganja, miguu ya buluu na tumbo la rangi ya chungwa, akiishi katika sanduku la kioo juu ya kabati la sebuleni. Mume, fundi wa makochi, alimwita Bi Harusi kwa vile alivyojifunika utando mweupe, tabaka juu ya tabaka, mpaka magome aliyowekewa ndani hayakuonekana. Kuna tarantula wanaochimba shimo wakatulia. Wa aina hii hufuma bila likizo.

"Fundi, wageni wakija wataona nini hapa?"

"Wataona fundi mwenzangu. Mimi navisha makochi, yeye anavisha kila kitu."

Mama Fagio angecheka, ila mama mkwe alikuwa njiani. Alikuwa mama mwema, tusimsingizie, lakini kila akija alikunja mikono ya gauni kabla hata hajanywa maji, akahamisha masufuria, akapanga upya vikombe, akakunja upya shuka zilizokwisha kukunjwa. Akiondoka, Mama Fagio alibaki akitafuta chumvi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hakuwahi kumwambia neno. Mkwe ni mkwe. Aliapa tu kwamba safari hii nyumba itang'aa hadi mama akose pa kugusa.

Basi Fundi alipokwenda kazini, mkewe alimsukumia Bi Harusi ndani ya bakuli kwa kipande cha karatasi, akamfunika na sahani, akaukomba utando wote. Akasugua kioo. Magome akayapanga kwa ukubwa, dogo mbele, kubwa nyuma. Kisha akamrudisha mwenyewe na kujipongeza.

Jioni Fundi alisimama mbele ya sanduku, mfuko wa misumari bado mkononi.

"Mke wangu, umefanya nini?"

"Nimemfanyia usafi."

"Umembomolea nyumba."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma mkewe.

Bi Harusi alijikunyata kwenye kona. Panzi aliyetiliwa alimpitia mbele ya macho, wala hakumgusa. Mama Fagio alichungulia akiwa na sahani yake mkononi, naye chakula kikamshinda. Hali ile aliijua vizuri: ni ya mtu asiyejua tena vitu vyake viko wapi. Roho ikamsuta. Akafungua kifuniko, akayapangua magome yale, akayasimamisha ovyo ovyo ili uzi upate pa kushika.

"Haya, dada, anza. Sikuangalii."

Asubuhi moja akaona nyuzi zimetandazwa kutoka gome hadi gome, akampigia mumewe kelele za furaha.

"Juzi mdudu, leo dada?" Fundi akamuuliza.

"Nyamaza, utamshtua."

Mama mkwe alipofika, utando ulikuwa umepanda nusu ya kioo. Hakuketi. Macho yalizunguka sebule, yakatua juu ya kabati.

"Mwanangu! Na sifa zako zote, utando sebuleni?" Mikono ya gauni ilikwisha kukunjwa, na vidole vilikuwa vimefika kwenye kifuniko.

"Mama, usiguse," Mama Fagio akasema.

Fundi akainamia viatu vyake. Mwanamume akiwa kati ya mama na mke, viatu huwa na mengi ya kutazamwa.

"Kwani kuna nini humo?"

"Kuna mwenye nyumba." Mama Fagio akasogea karibu na sanduku. "Amepapanga anavyopataka yeye. Ukimpangia upya, hata kwa nia njema, anashindwa kula. Najua kwa sababu nilimfanyia. Nami nimekuwa nikifanyiwa, mama, miaka yote, nikanyamaza."

Mama mkwe aliutazama utando, akautazama mlango wa jikoni. Kisha taratibu akaishusha mikono ya gauni lake, mmoja halafu mwingine, akafunga na vifungo.

"Basi, mwanangu," akasema, "niambie nikae wapi."

Mama Fagio akamwonyesha kiti cha dirishani, na mama mkwe akaenda kuketi hapo hapo.