Pampu Iliyozidisha

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ni mkaguzi wa mamlaka ya mafuta. Ana adabu mpaka anachosha. Siku alipokuja kukagua kituo changu alinipa shikamoo mara mbili, ndipo akashusha ndoo yake ya kupimia.

"Usinionee haya," nikamwambia. "Pampu yangu haijawahi kumwibia mtu."

Akajaza mpaka pampu ikasoma lita ishirini. Akainama, akaitazama alama ya kipimo kwenye shingo ya ndoo, akainama tena.

"Ni kweli haiibi, mama. Inazidisha."

"Sasa?"

"Ni kosa vilevile. Sheria haijali nani anapunjwa, hata ukijipunja mwenyewe."

Jamani! Miaka yote nilidhani wateja wanavuka mji mzima kwa ajili ya ucheshi wangu. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Yeye akaifunga pampu, fundi akaja kuirekebisha, kisha mkwe akatia lakiri mpya ya serikali na kuaga kwa heshima zote. Hata soda hakugusa.

Wiki haikuisha, dereva wa teksi akaja juu. "Mama, na wewe umeanza?"

"Nimeanza nini?"

"Hela ileile, safari ileile, leo gari limenizimikia njiani!"

Akahamia kituo cha ng'ambo ya barabara. Muuza maziwa akamfuata na pikipiki yake, kisha wengine, hata kuaga hawakuaga. Nikawaonyesha lakiri ya serikali. Wakacheka, wakasema si ya mkweo hiyo? Hapo niliumia kweli. Marehemu mume wangu aliniachia kituo na jina safi, na sasa kilichobaki ni kituo.

Nikampigia mkwe. "Naitwa mwizi kwa ajili yako. Kesho mchana njoo ujaze gari lako hapa kama ulivyozoea, watu wakuone."

Akafikiri, akasema kanuni haikatazi.

Akaja. Madereva wa ng'ambo wakasogea barabarani kutazama. Nikamjazia kwa mkono wangu, lita ishirini za sheria, hata tone la upendo sikuongeza. Akalipa, akawasha gari, akautazama mshale wa mafuta. Akaugonga kwa kidole. Akautazama tena, akatoa kichwa dirishani.

"Mama," akasema, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo, "mbona kama yamepungua?"