Kula Kwangu

“Hutakanyaga kwangu tena, nakwambia. Hata maji ya kunywa usije kuniomba. Nenda kaziombe hizo herufi zako.”

“Mama Pacha, nisikilize kidogo.”

“Nimekusikiliza miaka sita. Nilikupa ukuta uniandikie tangazo, wewe umeniandikia balaa.”

Mama Pacha ni jirani yangu wa mkono wa kulia. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukiingia mtaani, na ukuta wake wa ubavuni hutazama barabara kuu. Aliyekuwa akigombezwa ni jirani yangu wa mkono wa kushoto, mwandika mabango, mtaa mzima tunamwita Fundi Herufi. Mimi niko katikati yao, na barazani kwangu ndipo ninaposukia watu nywele. Kwa hiyo maneno yale yalipita juu ya kichwa changu kwenda na kurudi, na juu ya kichwa cha mteja wangu pia, ambaye alikuwa amesukwa nusu na hakutaka nimalizie kabla hajajua mwisho wa ugomvi.

Hakuna aliyehitaji kuuliza wanagombania nini. Kilikuwa ukutani. Juu, uso wa Mheshimiwa diwani wetu, umechorwa vizuri mpaka ile sugu ya kwenye paji. Chini yake, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, herufi ndefu kuliko mkono wangu: KULA KWANGU, MAJI KWENU.

Ilitakiwa iwe KURA.

Nilipoiona mara ya kwanza asubuhi ile, chanuo lilinidondoka. Mteja wangu alisema “Mungu wangu” kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekanyaga kitu kinachopumua. Muuza magazeti alisimamisha baiskeli, akasoma, akarudia kusoma, akageuka kuangalia kama kuna anayemwona anasoma. “Basi yeye ale, sisi tumshikie maji anawe,” akasema, kisha akakanyaga pedeli kwa nguvu, akatuachia utani wake tuubebe wenyewe.

Hasira ya Mama Pacha ilikuwa na sababu. Mheshimiwa aliahidi bomba la maji mtaani, na koki ya kwanza ingefungwa mlangoni kwa Mama Pacha. Ndiyo makubaliano ya ukuta. Huyu ni mtu aliyebeba maji kutoka ng'ambo ya reli tangu mapacha wake wakiwa tumboni, na sasa mapacha wana ndevu, na mgongo wake ukiinama hauinuki bila kushikwa. Alishaanza hata kuchagua mahali pa kuweka jiwe la kufulia.

“Ni ulimi wake,” alisema mteja wangu. “Si unajua hana r huyu.”

Hilo kila mtu alilijua. Fundi Herufi alizaliwa na ulimi usiokubali r. Kwake rangi ni langi, barabara ni balabala, na kwa sababu sikio husikia kile mdomo unachosema, hata kuandika aliogopa. Ndiyo maana kila kazi aliyopata aliniletea kwanza. Anakaa kwenye ngazi ya baraza yangu, ananitajia maneno, mimi nayaandika kwenye karatasi, yeye anayanakili ukutani mstari kwa mstari. Miaka sita hakuwahi kukosea herufi. Kuna maduka ya wasomi mjini yenye makosa mlangoni, lakini si yale yaliyoandikwa na Fundi wetu.

Sasa nikaanza kujishuku. Je, kama nimekosea mimi? Niliacha kichwa cha mteja, nikafungua kopo langu la nyuzi, nikaitoa ile karatasi. Mkono wangu, kalamu yangu ya buluu. KURA. R yenye mguu kabisa.

Nikamfuata Fundi pale alipokuwa akiosha brashi zake kwa mafuta ya taa, baada ya Mama Pacha kuingia ndani na kubamiza mlango.

“Fundi, umekosea?”

Hakuinua macho. “Kalatasi unayo?”

“Ninayo.”

“Itunze, dada.”

Nikajifuta mafuta ya nywele mikononi. Hakusema amekosea. Hakusema hakukosea. Lakini mtu aliyeharibu kazi haoshi brashi taratibu vile, unywele kwa unywele.

Hapo nikaukumbuka ule mkutano wa mtaa. Miezi mitatu nyuma, Mheshimiwa alipokuja kutueleza habari za bomba, Fundi aliinua mkono, akasimama, akauliza: “Mheshimiwa, lipoti ya mladi wa maji iko wapi?” Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mimi nilicheka, sitadanganya. Mama Pacha alicheka mpaka akajishika mgongo. Mheshimiwa alisubiri tucheke tushibe, akatabasamu, akasema, “Ndugu yangu, kajifunze kusema kwanza, ndipo uje kuuliza.” Tukacheka tena. Fundi akakaa. Swali lake halikujibiwa, na nikwambie ukweli, hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba halikujibiwa.

Tangu siku hiyo ukuta kati ya chumba changu na chake ulianza kutoa sauti kila alfajiri. Mtu anasukutua. Grrr, grrr, maji kooni, robo saa nzima. Nikadhani koo linamsumbua, nikampelekea chumvi. Alinishukuru, akaipokea.

Kufikia saa nne watu walikuwa wameziba njia. Wanawake waliokuwa wakienda ng'ambo ya reli walifika kwenye ule ukuta, wakasoma, wakaweka ndoo zao chini ili wacheke vizuri. Waliokuja nyuma yao wakadhani ni foleni, nao wakapanga zao. Ndoo, madumu, beseni moja lenye kiraka. Zote tupu, zimejipanga chini ya mdomo wa Mheshimiwa, chini ya neno MAJI KWENU. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Lakini ukisimama ng'ambo ya barabara ukaangalia, ungedhani Fundi amezichora na hizo. Watu wakatoa simu. Picha zikaanza kusafiri mbali kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kusafiri.

Aliyefika kwanza ni msaidizi wa Mheshimiwa, kijana mwenye suti, tunamwita Miwani. Alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye vioo. Akamvuta Fundi pembeni, na pembeni yenyewe ni barazani kwangu, sasa ningeziba masikio na nini?

“Bwana fundi, tusikuze mambo. Mheshimiwa yuko njiani. Utasema ni kosa la ulimi, utabadilisha hiyo herufi watu wakiona, tutacheka wote, yameisha. Ukitaka ubishi, hiyo ni kashfa kwa kiongozi. Kituo cha polisi unakijua kilipo.”

“Nimesikia,” alisema Fundi.

“Una watoto.”

“Wawili.”

“Basi fikiria ulimi wako.”

Miwani akanigeukia mimi. “Na nasikia wewe ndiye humsahihishia.”

Nikaiona njia. Ilikuwa pana na nyepesi. “Ni mimi,” nikasema. “Niliandika haraka, nikaweka L. Kosa langu, mjomba, kusuka watu nywele ndiyo kazi yangu, kuandika nabahatisha.” Mkono wangu ulikuwa umeifinyanga ile karatasi mpaka imekuwa kama kokwa.

Fundi aliniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtoto anayekupa peremende yake iliyokwisha nyonywa.

Gari la Mheshimiwa likaingia. Alishuka akicheka tayari, maana simu zilikuwa juu. Akasoma ukuta, akapiga makofi. “Mnaona, ndugu zangu, tunawapa kazi vijana wetu hata wenye matatizo ya kusema. Mimi sina kinyongo. Fundi, njoo hapa.” Akamshika bega. “Waambie mwenyewe. Sema kura.”

Nikaomba kimoyomoyo. Sema kula, Fundi. Sema kula kama unavyoisema kila siku, tucheke, ushike brashi yako, ukawaone watoto. Neno moja hilo, na umeshalisema maisha yako yote.

Mlango wa Mama Pacha ulifunguka nusu. Alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi.

Fundi akainua kidevu kama anayesukutua.

“Kura,” alisema.

Sikio langu lilikataa. Ilikuwa r, tena r inayotetemeka, r ya kupigia kengele. Mteja wangu alinishika goti akalifinya. Hata waliokuwa wakipiga picha walishusha simu wakamwangalia yeye mwenyewe badala ya kioo. Miaka sita niko naye ukuta kwa ukuta, na ilikuwa kama kumwona mtu aliyekuwa kiwete akiruka mtaro.

Mheshimiwa bado alikuwa na mkono begani mwake. Alisahau kuutoa.

“Kura,” Fundi akasema tena, taratibu, kama anayepanda ngazi yenye utelezi. “Ninaijua. Nilitaka kuandika kula, nikaandika kula. Dada yangu hapa hana kosa, karatasi aliyonipa ina r. Mheshimiwa, uliniambia nijifunze kusema kwanza. Nimejifunza. Sasa nauliza. Ripoti ya mradi wa maji iko wapi?”

Safari hii hakuna aliyecheka.

“Mambo ya ripoti yana ofisi yake,” alisema Mheshimiwa. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini limebaki peke yake. “Huwezi kuchafua ukuta wa mama wa watu kwa sababu ya ripoti. Mabomba yako njiani.”

“Mabomba yalishafika.”

“Yamefika wapi?”

“Yalifika ghalani mwezi wa pili. Niliitwa kuyaandika. Kila bomba nililiandika kwa rangi nyeupe, mkono wangu: MALI YA MTAA WA NYUMA YA RELI, yaani mtaa wetu huu. Mabomba arobaini. Wiki tatu zilizopita nikaitwa tena, niandike kibao kule kwako, kwenye ile sehemu mpya ya kuosha magari. MAJI MASAA YOTE. Nikapanda ngazi, nikatazama chini. Yalikuwa yamefukiwa nusu. Mtu anaweza kusahau uso wa mwanawe akiwa na homa, lakini M yangu siisahau. M yangu ina mkia.”

Watu wakageuka kwa pamoja kuutazama ukuta. M ya MAJI. Ilikuwa na mkia, umejikunja kama wa paka aliyelala. Nimeziona M zake miaka sita, kwenye duka la dawa, kwenye shule, kwenye jeneza la babake, sikuwahi kuuona ule mkia mpaka siku hiyo.

Miwani alivua miwani yake akaanza kuifuta. Aliifuta muda mrefu sana kwa vioo vidogo vile. Hilo ndilo lililotumaliza. Kama angebisha, tungegawanyika, wengine wangesema Fundi anamsingizia mtu. Lakini yule kijana alifuta tu, akiangalia viatu vyake.

“Mheshimiwa,” mtu akaita kutoka nyuma, “kumbe tunanawisha magari?”

Mheshimiwa aliutoa mkono begani mwa Fundi. “Kesho saa tatu, kituoni,” alimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkutano. “Njoo na huo ulimi wako mpya.” Akaamuru dereva achukue ngazi na makopo ya rangi, ushahidi. Gari likaondoka na ngazi imetokeza dirishani, na kwa kuwa ndoo zilijaa njiani ilibidi lirudi kinyumenyume mpaka barabarani, polepole, sisi tukilitazama.

Nilidhani watu watashangilia. Hakuna aliyeshangilia. Mmoja mmoja walizipitia ndoo zao, wakazigusa, wakaziacha palepale zilipo.

Fundi alikaa kwenye ngazi ya baraza yangu. “Dada,” akaniambia, “wamechukua hata blashi.” Na l ikarudi yenyewe, kwa uchovu. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili vibaya.

“Kesho tunakwenda wote,” nikasema. “Nitafunga baraza.”

“Na nusu yangu?” akauliza mteja wangu, akishika upande wa kichwa usiosukwa. Kisha akasema, “Nitakuja hivihivi.”

Mama Pacha alitoka. Hakututazama. Alikuwa na ile ndoo yake ya njano, iliyopauka mpini, aliyoibeba ng'ambo ya reli kabla mapacha hawajazaliwa. Alitembea mpaka ukutani, akaiweka mwisho wa foleni, akainama, na aliponyooka alilazimika kujishikiza kwenye herufi ya mwisho. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Akaangalia kiganja chake chekundu kwa muda, akakifuta kwenye sketi, akarudi hadi mbele ya baraza yangu, akamsimamia Fundi, kiuno kimeshikwa.

“Siku ile ya mkutano nilikucheka,” alisema.

“Mlicheka wote.”

“Mimi nilicheka zaidi.” Akavuta pumzi. Kutoka mlangoni kwake moshi ulikuwa ukitoka na harufu ya maharage yanayotaka kushika chini ya sufuria. “Inuka basi. Kawaite na wanao. Leo, Fundi, kula kwangu.”