Nyota za Upande wa Kushoto

Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu kumdanganya daktari, na niseme mapema kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilitaka apone. Nilitaka apone haraka, na watu waone kwamba amepona, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kiharusi kilimpiga akiwa amesimama karakanani kwake, anapima mlango. Mume wangu ni seremala. Watu wote humwita Fundi, na mimi humwita hivyo nikiwa na hasira naye, yaani karibu kila siku. Kilimpiga upande wa kulia wa ubongo. Baada ya miezi miwili mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, hata mkono wa kushoto ukapata nguvu ya kushika kikombe. Majirani wakaja kutupongeza. Kilichobaki hakuna aliyekiona isipokuwa mimi ninayelala naye kitanda kimoja. Kushoto kwake kulikuwa kumefutika.

Si kwamba alikuwa haoni. Macho yalipimwa, yakakutwa mazima. Lakini akinyoa ndevu alinyoa shavu la kulia tu, akaondoka kwenye kioo ameridhika kama bwana harusi. Akila, alimaliza nusu ya sahani iliyo kulia kwake, kisha akanilalamikia kwamba siku hizi nampakulia kidogo. Siku moja niliizungusha ile sahani, chakula kikamtokea mbele.

"Ulikuwa umekificha wapi?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikaingia bafuni nikalia.

Ubaya wa ugonjwa ule ni kwamba mwenyewe hana habari nao. Ukimwambia, "Baba watoto, huangalii kushoto," atakujibu kwamba anaangalia, tena atakuapia. Na hakuwa anadanganya. Mlangoni aligonga bega la kushoto kila alipopita, akaulaumu mlango, ambao aliutengeneza mwenyewe.

Hospitali walitupeleka kwa daktari wa kike, kijana, mpole wa sauti lakini si wa kuchezewa. Alitueleza taratibu, na mimi nilimwelewa kuliko wote waliomtangulia.

"Ubongo una pande mbili, na kila upande huvuta macho ya mtu kwenda upande wa pili," alisema. "Wa mzee umeumia upande wa kulia. Sasa huu wa kushoto umebaki peke yake, umekuwa mbabe, unavutia kila kitu kulia. Hatupasui kichwa wala hatuchomi sindano. Tunaweka sumaku juu ya huyu mbabe, tunampunguzia sauti kidogo, ili mwenzake naye asikike."

"Atapona?" nikauliza.

"Wengine inawasaidia, wengine kidogo sana. Ndiyo maana tutakuwa tunapima, mama. Siku kumi."

Basi tukaanza. Fundi aliketi kwenye kiti chenye egemeo la kichwa, daktari akamshikia koili, ndiyo sumaku yenyewe, yenye umbo la nane, nyuma kidogo ya sikio la kushoto, na mashine ikaanza kugonga kwa kasi, tak-tak-tak-tak.

"Huyu kigong'ota mmemfuga tangu lini?" Fundi akauliza, na daktari akacheka mpaka ikabidi aisimamishe mashine aanze upya.

Baada ya kugongwa alipewa karatasi. Ilikuwa imejaa nyota kubwa na ndogo zimevurugwa pamoja, na kazi yake ilikuwa kukata kwa kalamu zile ndogo zote, hamsini kwa hesabu. Siku ya kwanza alikata kumi na tisa, zote za kulia, akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza shamba. Siku ya tatu alikata ishirini na moja. Daktari alisema ni mapema, tusife moyo. Mimi nilikufa moyo palepale. Daktari alipoitwa chumba cha pili, karatasi ilibaki mezani, na mimi nikatoa simu nikaipiga picha.

Nilichapisha nakala ishirini. Nilijiambia kwamba mtoto naye hufanya mazoezi nyumbani kabla ya mtihani, kuna ubaya gani? Kila jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, nilimwekea karatasi moja. Nilimfundisha kuusaka ukingo wa kushoto kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kisha kwenda kwa kuhesabu. Mbili, ruka moja, tatu zilizobanana, shuka. Mikono ya Fundi haijawahi kusahau kipimo tangu nimfahamu. Akashika. Alipozipata zote kwa mara ya kwanza nilimpigia makofi, naye akaniinamia kama mchezaji jukwaani.

Hospitali hesabu ikapanda. Thelathini, thelathini na nane, arobaini na sita. Sitaki kuisingizia ile sumaku kwamba haikufanya kitu. Siku ya saba nilimwita nikiwa kushoto kwake, akageuka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue. Lakini ndevu bado alinyoa nusu. Hizo nilimmalizia mimi asubuhi kabla ya kwenda kliniki, ili daktari asizione.

Msinione mjinga. Nilijua ninachokificha. Fundi alikuwa amekula kiapo mbele ya kaka yake kwamba hatawasha msumeno wa meza mpaka daktari aandike barua. Alipanga kuanza kukata Jumatatu. Na mimi nilitaka kumwona anakata, nisikie tena kelele zile nilizozilalamikia miaka ishirini na sita.

Asubuhi ya siku ya kumi nilikuwa natafuta viatu vyake vya kutokea, na nikazisikia.

Karakana iko nyuma ya nyumba. Sikumbuki nilivyotoka, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshika kiatu kimoja. Mlango ulikuwa wazi. Msumeno ulikuwa umewashwa bila ubao, diski inazunguka mpaka meno yake hayaonekani, na Fundi amesimama mbele yake, ameinama upande wa kulia anapapasa penseli kwenye maranda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya meza. Ulikuwa umelala tu, hauna mwenyewe, na kila alipoinama zaidi ulisogea kuelekea kwenye diski.

Karakana ile ina sheria tangu enzi za baba mkwe. Mtu akiwa kwenye msumeno haitwi, asije akashtuka. Haitwi jina, haguswi bega, hata nyumba ikiungua unakwenda kwanza kwenye swichi ya ukutani. Niliwahi kuwafokea wanangu kwa sheria hiyo mpaka wakanichukia. Sasa jina lake lilikuwa limenijaa mdomoni na nikalibana kwa meno.

Swichi ilikuwa ukuta wa mbele, hatua nane hivi. Nilizitembea bila kukimbia, maana sakafu ilikuwa na vumbi la mbao na kukimbia ni kuteleza. Hatua ya tatu mkono ukasogea. Hatua ya tano akaipata penseli, akaguna kwa furaha, akaanza kuinuka, na mwili ulipogeuka mkono nao ukaburutwa. Niliacha kuangalia. Niliiangalia swichi peke yake, nikaivuta chini kwa mikono miwili.

Diski ilichukua muda kusimama. Iliposimama, kati ya meno yake na kidole chake cha mwisho hapangepita vidole vyangu viwili.

"Umeme umekatika tena," Fundi akasema. Aliponiona alitabasamu kama aliyefumaniwa. "Nilikuja kuusikia tu, mama watoto. Leo si ndiyo siku ya barua?"

"Umekatika," nikasema. "Twende tutachelewa."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Njia nzima aliongea habari za milango.

Alikata nyota arobaini na tisa. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nikamwona anausaka ukingo kwa kidole gumba, anahesabu kwa midomo bila sauti. Daktari alizihesabu mara mbili. Uso wake ulikunjuka kwa furaha ya kweli, ya mtu aliyefanya kazi ikazaa, na hilo lilinichoma kuliko yote.

"Mzee, umenishangaza," alisema. Akavuta karatasi yenye nembo, akaandika mistari minne, akatia saini. "Anza taratibu lakini. Usijichoshe."

Fundi akanyoosha mkono wa kulia kuipokea.

"Usimpe," nikasema.

Wote wawili wakaniangalia. Nilishaanza, nikayamwaga yote. Picha, nakala ishirini, ndevu ninazomnyoa. Nikasema habari za msumeno, na kwamba umeme haukukatika, niliuzima mimi. Daktari hakunifokea. Aliiweka barua chini polepole na wekundu ukapanda machoni mwake, nikatamani angenifokea.

Aliyefoka ni Fundi.

"Unataka nini wewe?" alisema. "Unataka nikae nyumbani nikumenyee vitunguu? Mkono wangu ulikuwa hapa!" Akauinua wa kulia, akautikisa mbele ya uso wangu. "Hapa! Nilikuwa nimeshika penseli!"

"Huo ni mmoja, baba watoto."

"Nimepata arobaini na tisa. Umesikia? Arobaini na tisa!"

Daktari alichukua karatasi mpya ya nyota zilezile. Aliigeuza juu ikawa chini, akaiweka mbele ya Fundi.

"Nisaidie na hii moja, mzee," alisema. "Kisha nitakupa barua mwenyewe."

Fundi aliinyakua kalamu. Kidole gumba kikaenda kushoto, kikasita, kikapapasa, kikarudi. Mbili, ruka moja, lakini moja haikuwapo pale. Nilimwona anapotea. Akaiacha hesabu, akaanza kukata kama zamani, kwa kasi na kwa uhakika, zote za kulia. Kadiri alivyoinama, mkono wake wa kushoto ulipanda kutoka pajani ukajilaza juu ya karatasi.

"Nimemaliza," akasema.

"Angalia tena," daktari akamwambia. "Nenda kushoto. Zaidi. Bado zaidi."

Macho yake yalikwenda. Sijui kama ilikuwa sumaku au ni hasira iliyoyasukuma, lakini yalikwenda, polepole, mpaka yakafika kwenye ule mkono.

"Basi toa mkono wako hapo nione," akaniambia.

Nilikuwa nimesimama karibu na bega lake. Nikainua mikono yangu yote miwili, nikaiweka mbele ya macho yake. Akamgeukia daktari. Daktari naye akainua yake.

Fundi alikitazama kile kitu kilicholala juu ya nyota. Akakigusa kwa kidole cha mkono wa kulia, kwenye kucha, kwenye kovu la patasi. Kidole kikapanda kwenye kifundo, kwenye kifungo cha shati, kwenye kiwiko, kikaendelea kupanda bila haraka, kama anavyoufuata ufa kwenye ubao kujua unaishia wapi. Kikafika begani kwake, na hapo hapakuwa na pengine pa kwenda.

"Ni wangu," akasema.

Jasho lilikuwa linamtoka upande mmoja na upande wa pili sawasawa.

"Na ulikuwa unaniona," akaniambia. Hakuwa anafoka tena. "Siku zote hizi ulikuwa unaniona nilivyo, na ulikuwa unanipigia makofi."

"Nilikuwa nakuona."

"Ulikuwa karibu kiasi gani? Na diski."

Nikamwonyesha kwa vidole viwili vilivyobanana. Alivitazama. Kisha akaisukuma barua mpaka upande wa daktari, akauliza kama Jumatatu mashine ina nafasi. Daktari alisema anaweza kuomba siku kumi nyingine, na kwamba safari hii karatasi zitakuwa tofauti kila siku, na mimi nitasubiri nje. Nilikubali. Ningekubali hata kusubiri barabarani.

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa karakana, akaniwekea kiganjani.

"Nitauomba," alisema. "Najijua. Nitakwambia nimepona, na nitakuwa naamini. Usinipe."

Aliuomba kesho yake asubuhi. Aliuomba kwa utani, kisha kwa ukali, akaniita majina ambayo hakuwa amewahi kuniita tangu tuoane. Jioni aliuomba analia. Mimi nililia naye, na sikumpa.